Msalimie Mbaraka

Kinyerezi, Dar es Salaam
11 Februari 2024

Shangazi yangu mpendwa Zipora,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima. Huku joto limetuweza, hata feni inapuliza hewa ya moto, na nawaonea wivu ninyi mnaolala na blanketi. Mimi sijambo. Kazi ya bima inaendelea, na Jumapili naenda ibadani, usije ukauliza. Masikio yanasemaje? Nilipiga simu siku ya mwaka mpya, nikakusikia unasema, "Haloo, haloo, Mungu akubariki," halafu ukakata. Ndiyo maana nimerudi kwenye kalamu.

Sasa lililonifanya niandike. Nimekataliwa tena. Unakumbuka nilivyokueleza: mteja wa nje hatupi fedha mkononi. Anaandika namba ya kadi yake kwenye duka letu la mtandaoni, na katikati kuna kampuni inayoichukua fedha kutoka benki yake na kutuletea sisi. Bila kampuni hiyo, duka letu ni picha tu za vikapu. Ile ya kwanza ilitufungia akaunti mwaka jana, baada ya wateja wengi kuziambia benki zao ziwarudishie fedha kwa sababu mizigo ilikwama. Ya pili niliiomba Novemba, na jibu limekuja wiki iliyopita, sentensi moja, bila sababu. Sababu naijua. Kampuni hizi huambizana, na jina langu sasa ni la mfanyabiashara wa mashaka.

Waambie akina mama wa kikundi wasikate tamaa, lakini wasisuke vikapu vyenye vifuniko mpaka niandike tena. Vile ni vya wateja wa nje, hapa nchini hakuna anayevinunua kwa bei ile. Imebaki kampuni moja ya kujaribu. Nayo ikikataa, nitalifunga duka, na sijui nitawatazama vipi usoni.

Nisalimie Paskalina na wenzake wote.

Mwanao,
Anitha


Mtae
3 Machi 2024

Mwanangu Anitha,

Marahaba. Mimi ni mzima isipokuwa masikio, na masikio si mimi yote. Sikukata simu, nilikuwa nimemaliza kusema. Kaka yako Kristian amepata mtoto wa kike na wamempa jina langu, maskini wa Mungu. Analia kwa nguvu kiasi kwamba hata mimi namsikia, kwa hiyo tunaelewana. Viazi vimekubali mwaka huu. Kabichi zimeliwa na wadudu, na waliobaki kuzila ni sisi.

Mchungaji amekuja mara mbili kutazama chumba chetu cha kusukia. Anatazama juu kama fundi anayepima paa. Usharika unataka kuweka mahindi humo ikiwa kikundi hakina kazi nacho. Aliniuliza lini tutajua. Nikiwa sitaki kumjibu mtu, masikio haya yananifaa sana.

Nimewaambia wenzangu wasisuke vyenye vifuniko. Wamenisikiliza vizuri, na kesho yake Paskalina alikuja na kifuniko kipya. Mikono imezoea. Vikapu vinaning'inia darini mpaka tunaingia tumeinama. Akina mama wamenunua ukindu kutoka bondeni kwa fedha zao wenyewe, Anitha, na hawaulizi kitu, lakini wananitazama.

Umeandika kwamba mizigo ilikwama. Mwaka jana pia uliandika hivyohivyo. Gari hukwama kwenye tope, hilo nalielewa. Kikapu kinakwama wapi?

Msalimie sana Mbaraka. Mwambie sijaisahau siku ile aliponipeleka hospitali ya masikio huko Dar kwa bajaji yake, akaningoja kutwa nzima, halafu akakataa nauli. Alisema yeye ndiye huchukua mizigo ya Mtae pale stendi, huileta kwako na kuipeleka posta, na mimi pia ni mzigo wa Mtae. Nilicheka mpaka nikakohoa. Ana watoto wangapi sasa?

Shangazi yako,
Zipora


Kinyerezi, Dar es Salaam
7 Aprili 2024

Shangazi mpendwa,

Shikamoo, na heri ya Pasaka iliyopita. Nimefurahi mno kusikia habari za Zipora mdogo. Mwambie Kristian anitumie picha, na mama wa mtoto mpe pole na hongera zangu. Huku mvua zimeanza na barabara ya kwetu imegeuka mto, lakini mimi ni mzima.

Nina habari nusu njema. Ile kampuni ya mwisho haikunikataa moja kwa moja. Dada mmoja wa hapo, anaitwa Secilia, alinipigia mwenyewe. Alisema ameona historia yangu, na kwamba wao huwafungulia hata watu waliofungiwa kwingine, lakini hataki kusikia neno bahati mbaya. Anataka nimwandikie kilichotokea, na tumebadilisha nini ili kisitokee tena. Anataka kuijua safari nzima ya kikapu, kuanzia mkononi mwa msukaji hadi posta.

Sehemu yangu naijua. Yenu siijui, maana vikapu hunifikia vikiwa vimeshonwa ndani ya kiroba, na ni mimi niliyewaagiza mshone hukohuko. Kwa hiyo nakuomba uniandikie kila mnachofanya siku ya kufunga, hata kile unachoona hakina maana. Usiruke kitu.

Nitamwonyesha pia barua za wateja wachache waliopata mizigo yao salama. Kuna mama mmoja wa Ujerumani aliandika, "Asante kwa kikapu, na asante kwa zawadi." Sijui zawadi gani. Nadhani ndivyo walivyozoea kuandika.

Kuhusu kukwama, ni mambo ya forodha za huko. Karatasi na karatasi. Usijisumbue nayo.

Mwanao,
Anitha


Mtae
26 Mei 2024

Mwanangu Anitha,

Marahaba. Barua yako ilichelewa na yangu imechelewa zaidi. Barabara ilimeguka kwa mvua, basi likawa linaishia njiani na watu wanamalizia kwa miguu, na Elisante kondakta alikataa kubeba barua za watu kwenye tope. Sasa imetengenezwa. Ukungu umetukalia wiki nzima, tunasalimiana kwa sauti bila kuonana, yaani wao wanasalimiana.

Uliomba nisiruke kitu, basi shika kiti. Kikapu kikiisha, Paskalina anakipitia kwa wembe na kukata ncha zote zinazochoma, maana mkono wa Mzungu ni laini. Kisha kinaanikwa juu ya mwamba nyuma ya kanisa mpaka kikauke kabisa. Siku za ukungu hatuaniki wala hatufungi, tunangoja jua, kwa sababu kikapu kibichi kikifungwa kinaota kuvu njiani. Kikikauka kinapigwa brashi ndani na nje, halafu watu wawili wanakitazama, aliyekisuka na asiyekisuka. Mimi ndiye asiyekisuka mara nyingi, na wananichukia kwa hilo. Halafu kila mama anatia konzi yake ya maharage, ya shambani kwake, siyo ya kununua. Kisha kifuniko, kisha uzi wa ukindu wenye mafundo mawili, kisha karatasi, kisha kiroba, na kiroba tunakishona kwa sindano ya magunia. Hapo nakaa juu yake nione kama mshono unashika. Unashika.

Maharage hayo ndiyo zawadi ya yule mama wa Ujerumani. Ana adabu. Nilikuwa nashangaa kwa nini wengine hawashukuru, mpaka nikaanza kufikiri labda hawajui kuyapika. Ila hata asiyejua kupika, huwezi kumpelekea kikapu kitupu. Ni kama kumtakia njaa mtu ambaye hajakukosea.

Natumaini Secilia ataridhika. Mchungaji amerudi kupima paa.

Umejibu yote, ila hukujibu la Mbaraka. Nilikuuliza ana watoto wangapi. Mmekosana?

Shangazi yako,
Zipora


Kinyerezi, Dar es Salaam
16 Juni 2024

Shangazi,

Shikamoo. Barua yako nimeipata. Tafadhali waambie akina mama kuanzia leo wasitie maharage wala kitu kingine chochote ndani ya vikapu. Kikapu kiwe kitupu kabisa. Vile ambavyo mmeshavifunga vifungueni muyatoe. Nitaeleza baadaye.

Anitha


Mtae
14 Julai 2024

Anitha,

Marahaba, ingawa shikamoo yako safari hii imepita mbio kama mtu anayekimbia mvua. Hukuniuliza hali, wala ya mtoto. Mtoto hajambo, ameota jino. Mimi nimekuwa na kifua kwa sababu ya baridi, sasa nimepona.

Barua yako niliisoma mara nyingi kwa kuwa ilikuwa fupi. Kisha nikawasomea wenzangu. Mama Sheshe, unamjua, yule anayecheka hata msibani, alicheka, halafu akaona hakuna mwingine anayecheka, akanyamaza. Paskalina akauliza kama Anitha huyu ni yuleyule aliyekuwa akitumwa kwao na bakuli la uji na kurudi nalo likiwa na ndizi. Nikasema ndiye. Akasema, basi mjini kuna kazi.

Nakuandikia walichosema wote, na mimi nimo. Kikapu kitupu hatupeleki. Mgeni amekitazama kwenye picha, amekipenda, amekingoja, halafu anakifungua na ndani hamna kitu! Ningekuletea mimi kikapu kitupu mlangoni kwako ungeniuliza umenikosea nini. Kama ndiyo sharti la hao wa kadi, tunaacha kusuka, na chumba wawekee mahindi. Mchungaji nitamwambia mwenyewe.

Nasema hivyo na moyo unaniuma, maana kazi hii ndiyo inayonitoa kitandani asubuhi. Mtu asiyesikia akikosa kazi ya mikono anabaki na ukuta. Lakini mimi si karani wako wa kupokea amri ya mistari minne. Umeficha kitu tangu mwaka jana. Niambie kilichotokea, kama unavyomwambia mtu mzima.

Na ninakuuliza kwa mara ya tatu habari za Mbaraka.

Zipora


Kinyerezi, Dar es Salaam
4 Agosti 2024

Shangazi yangu,

Shikamoo. Shikamoo nyingine kwa ile iliyopita mbio. Pole kwa kifua. Namshukuru Mungu kwa jino la Zipora mdogo. Mimi ni mzima wa mwili, lakini nimekuwa na aibu, na aibu ndiyo imeniandikia ile barua fupi.

Mizigo haikukwama. Ilichomwa moto. Forodha za kule hupitisha mzigo kwenye mashine inayoona ndani bila kufungua. Barua zilizorudi zilisema hivi: ndani ya kikapu zimekutwa mbegu ambazo hazikutajwa kwenye karatasi ya forodha, na mzigo umeteketezwa. Kikapu kikavu na kisafi, kikitajwa, kinapita. Mbegu hazipiti, wanaogopa magonjwa ya mimea. Mteja akakosa kikapu, akaiambia benki yake, benki ikairudisha fedha, na ilipotokea hivyo mara nyingi kampuni ikatufungia. Sikukuambia vimechomwa kwa sababu najua nani alisuka kipi. Kile chenye mistari ya zambarau ambacho Paskalina alikisuka akiwa na homa, kilikuwa cha kwanza.

Hawakuandika mbegu za nini. Nami nikawaza mabaya. Niliwaza bangi, Shangazi. Nikajiuliza nani anavishika vikapu kati ya Mtae na posta, na mkono wako sikuuwaza hata kidogo. Nilimwaza Mbaraka. Nilimwambia asikanyage tena kwangu. Aliapa kwa watoto wake, na mimi nikafunga geti. Ndiyo maana kila ulipomsalimia sikujibu. Ningemfikishiaje salamu?

Nilipofika kwenye maharage katika barua yako, nilikaa chini. Nilicheka, halafu nikalia, halafu nikakuandikia vibaya.

Nilimweleza Secilia yote kwa simu. Alikaa kimya, nikajua ndiyo basi. Kumbe alikuwa anajizuia kucheka. Alisema mama yake huko Bukoba hajawahi kurudisha sahani ya jirani bila kitu juu yake, na kwamba katika kazi hii amesoma maelezo mengi ya uongo na haya hayawezi kutungwa. Kisha akarudi kwenye sauti ya kazi. Ndani ya kikapu kisiwemo kitu zaidi ya kilichoandikwa kwenye karatasi ya forodha. Kila kikapu kipigwe picha kikiwa wazi. Na mtu ninayemwamini asimame hapo akitazama mpaka kiroba kishonwe. Tukikubali, ataipeleka kesi yangu mbele. Nimemuuliza kama tunaweza kuyataja maharage. Amesema kila mzigo ungehitaji cheti cha ukaguzi wa mimea, na ziko nchi hazipokei hata kwa cheti.

Sitawaambia tena cha kufanya. Nawauliza. Mkisema hapana, nitaelewa, na duka nitalifunga bila kinyongo.

Mwanao,
Anitha


Mtae
1 Septemba 2024

Mwanangu Anitha,

Marahaba, zote mbili. Hii ndiyo barua. Tumeuza viazi, bei si mbaya, na mtoto ameanza kukaa.

Vilichomwa. Neno hilo nililala nalo siku kadhaa kabla ya kulitoa nje. Niliona mikono ya watu ndani ya moto. Nilimwambia Paskalina peke yake kuhusu kile cha zambarau. Akasema, "Basi angalau hakuna anayekitumia vibaya." Wengine nimewaambia kwamba vilipotea. Siku nyingine nitawaambia.

Sasa sikiliza. Maharage ni yangu. Niliyatia mwenyewe, na sitasema sikuyatia. Lakini la Mbaraka ni lako. Ungeniuliza mwaka jana ni mbegu gani, ningekujibu kwa barua ya kwanza, na usingepoteza mtu. Mimi ndiye kiziwi, na wewe ndiye ambaye hukusikia. Nimekasirika, na nitaendelea kukasirika mpaka uende kwake. Usimpigie simu, nenda kwa miguu yako.

Kuhusu kikapu kitupu, tulikutana chumbani tukabishana mpaka nikawaambia waseme mmojammoja ili niwasome midomo. Mama Sheshe alitaka tutie vijiwe. Tukamuuliza kama amewahi kumpa mgeni mawe. Mwingine akasema tutie barua, lakini barua hailiwi. Aliyetuokoa ni Paskalina. Alisema ubaya si kikapu kufika hakina kitu, ubaya ni kikapu kutoka kwetu bila kuwahi kubeba chakula.

Kwa hiyo tutafanya hivi. Siku ya kufunga, kila mama atatoka kwake na vikapu vyake vimejaa maharage na mahindi, atavibeba mpaka chumbani, na tutavimimina vyote kwenye sufuria moja. Tutapika makande, tule sisi na yeyote apitaye. Halafu vikapu vipigwe brashi, vianikwe juani, vipigwe brashi tena, Secilia asije akakuta hata ganda. Kitakachofika Ulaya kitakuwa kikapu kilicholisha watu. Tumekubaliana wote, hata mimi.

Lakini nina sharti langu, kama wao wana yao. Huyo mtu wa kusimama akitazama awe Mbaraka. Mwingine sitamfungulia mlango.

Shangazi yako,
Zipora


Kinyerezi, Dar es Salaam
20 Oktoba 2024

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Sote wazima huku. Mwenye nyumba amepaka rangi geti, ameniuliza mimi rangi gani, halafu akapaka anayoitaka yeye.

Nilikwenda kwa Mbaraka. Nilimkuta anaosha bajaji. Hakusema karibu, mkewe ndiye aliyeniletea kigoda. Nilimwambia nilichokuja kumwambia, yote, nikiwa nimesimama, kigoda sikukikalia. Aliendelea kuosha. Nilipofika kwenye maharage alifunga bomba la maji.

"Maharage?" akauliza.

"Maharage."

"Ya rangi gani?"

Nikasema mekundu, na mengine ya njano. Akasema, "Ya njano ni matamu." Halafu akaniambia sikukalia kigoda na mkewe atadhani nina kiburi, kwa hiyo nikakaa. Hajasema amenisamehe, nami sikumwomba aseme. Amesema Mtae atakwenda kwa ajili yako. Nauli ya kwenda na kurudi amekubali niilipe mimi, na hilo nimelichukua kama fadhila.

Na akaunti imefunguliwa, Shangazi! Ilikuwa Alhamisi. Nilipiga kelele ofisini mpaka meneja akatoka. Ina masharti: kiasi cha kuuza kila mwezi kina kikomo, na sehemu ya kila malipo wataishikilia miezi sita kwanza, waone kama wateja wanalalamika. Secilia anasema tukienda vizuri watalegeza. Oda ya kwanza imekuja jana usiku. Ni ya yule mama wa Ujerumani, anataka vitatu, na ameuliza kama zawadi itakuwamo. Nimemweleza kwa nini haitakuwamo, na makande ni nini. Amesema basi mle na kwa niaba yake.

Uliuliza Mbaraka ana watoto wangapi. Wanne. Wa mwisho ni wa mwaka huu.

Mbaraka anakusalimu.

Mwanao,
Anitha


Mtae
1 Desemba 2024

Mwanangu Anitha,

Marahaba. Leo ni Jumapili ya kwanza ya Majilio, tumetoka ibadani, na mtoto wa Kristian amesimama dede akishika kanzu ya mchungaji mpaka mahubiri yakakatika. Namwona atafika mbali.

Mgeni wako alifika na basi la mwisho akitetemeka. Nilimvalisha koti la marehemu mume wangu, linamfika magotini. Asubuhi akina mama walikuja wamejipanga njiani, kila mmoja na vikapu vyake vimejaa, na watu wakadhani ni mavuno ya kanisa wakatufuata. Tulipika. Mbaraka alikula mara tatu na kusema "hongea" kama tunavyoshukuru sisi, Mama Sheshe ndiye aliyemfundisha. Mchungaji naye alivutwa na harufu. Alikula, akatazama paa, akasema mahindi ya usharika yatatafutiwa pengine. Hilo nililisikia vizuri kabisa.

Kazi yako aliifanya kweli. Alivitazama vikapu kimoja kimoja kwa tochi, juu chini, akapiga picha. Kwenye kikapu cha Paskalina alikuta punje moja imejificha kwenye msuko. Akaitoa kwa ncha ya wembe, akaitia mfukoni, akasema hii anakupelekea wewe. Nadhani hapo ndipo amekusamehe, lakini usimuulize.

Kuhusu fedha kushikiliwa miezi sita, waambie si neno. Nilipoolewa, mama mkwe alishikilia funguo za ghala mwaka mzima, na sikuiba hata hindi moja.

Atakapofika atakukabidhi kikapu ambacho hakimo kwenye oda. Hiki hakipiti forodha. Nimekijaza maharage ya njano mpaka kifuniko kikagoma, nikakifunga kwa kamba. Maharage ni yako, upike, na umpe mke wa Mbaraka nusu. Kikapu ni changu na ninakitaka.

Mara ya mwisho kulala nyumbani ni ulipokuja kumzika baba yako. Nimekaa kimya juu ya hilo muda mrefu kuliko ulivyokaa kimya juu ya Mbaraka. Kitanda chako kipo, na blanketi nimelianika. Krismasi unirudishie kikapu changu. Usimpe kondakta, ulete wewe.

Shangazi yako,
Zipora